Mvua kwenye fishi fainda yangu niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja, anasema "shikamoo kaka, nimeona picha ya skrini ya fishi fainda yako uliyoweka, mbona iko safi hivyo, ya kwangu ina mistari mistari kama mvua, fundi ananiambia transdyusa imekufa ninunue nyingine, ninunue?" Nikacheka. Halafu kicheko kikakata chenyewe, maana hayo maneno "transdyusa imekufa" mimi nayajua vizuri sana. Niliyalipia.

Usinunue dada. Kaa nikusimulie kwanza.

Fishi fainda yangu, yani ile mashine ya kuonyesha kina na samaki chini ya boti, ilikuwa haina shida kabisa, wala transdyusa yake, kile kipande kinachokaa majini kupiga mlio na kuusikiliza. Boti ndogo, injini nyuma, skrini pale pembeni ya kiti, chini inaonekana kama mstari mnene, samaki wanakuja kama vijipinde, raha tupu. Shida imeanza siku nilipofunga mota ya umeme mbele. Na wote tunaovua kwa boti ndogo tunaitaka hiyo kitu, tusidanganyane, unazima injini, unateleza kimya kimya mpaka juu ya samaki wenyewe, hawashtuki. Mimi nilikuwa nimeiota muda mrefu.

Nikafunga mwenyewe. Na nilifunga vizuri, hapo lazima niseme ukweli, sijawahi kuona boti ndogo ina wayaringi nzuri kama ile. Waya nene za mota, waya za taa, waya za pampu ya kutoa maji, waya wa fishi fainda na kebo ya transdyusa, zote nikazilaza pamoja kitu kimoja kutoka mbele mpaka nyuma, kila baada ya shibiri moja nimekaza kifungio cha plastiki, hakuna hata waya mmoja unaoning'inia. Kebo ya transdyusa ilibaki ndefu, nikaizungusha mduara mzuri kama kamba ya meli nikaichomeka pembeni ya betri. Umeme wote kwenye betri moja. Nikapiga picha. Watu wakasifu sana, wengine wakaniomba nikawafungie na zao.

Siku ya kwanza nikatoka na mwenzangu ninayevua naye miaka, na njia nzima ni mimi tu naongea, utaona leo, utaona. Tumefika, nimezima injini, nimeshusha mota, nikaifungulia taratibu namba mbili. Skrini ikajaa mvua. Vidoti na mistari juu mpaka chini, namba ya kina inaruka mita 6, mara 41, mara 2, mara inaacha kusoma kabisa inaweka vistari tu. Nazima mota, inatulia. Nawasha, mvua. Mwenzangu akaangalia skrini, akaniangalia, akasema "kumbe leo tumekuja kuvua mvua." Akatangaza habari hiyo kwa kila mtu. Mpaka leo kuna watu hawajui jina langu, wananiita Mzee wa Mvua, na nacheka nao lakini moyoni siipendi.

Nikampelekea fundi. Fundi hakuingia hata ndani ya boti, aliangalia video kwenye simu sekunde kumi, akasema transdyusa imekufa. Mimi kwa sababu nilishaaibika nilitaka jibu la haraka, nikanunua. Nimesubiri ije, imekuja, nimefunga, nimeenda majini peke yangu safari hii bila shahidi. Mvua ile ile, kama wameihamisha na ndoo. Nikarudi kwa fundi, akasema basi itakuwa ni skrini yenyewe. Bila kupepesa macho! Hapo ndo niliumia, si kwa hela tu, ila kwa kuona kwamba mtu anaweza kukubahatishia na hela yako wala asijisikie vibaya.

Nikaingia kwenye mipangilio. Nikashusha usikivu, nikapandisha kichujio cha kelele mpaka mwisho. Mvua ikaisha. Nikafurahi kama mjinga. Kumbe na samaki walikuwa wamechujwa pamoja na mvua, na msimu mzima nikavua nikiamini samaki wamehama, na mwenzangu naye akahamia boti ya mtu mwingine. Hakusema sababu. Sikumuuliza.

Sasa sikiliza ilivyokuja kujulikana, maana haikuwa akili yangu, ni upepo. Siku moja upepo umenishika vibaya unanisukuma kwenye mawe, nikafungulia mota mpaka mwisho kabisa. Jicho likaenda kwenye skrini, nikakuta iko safi. Safi kabisa! Na nilikuwa nimerudisha usikivu siku ile. Nikapunguza, mvua. Nikafungulia mpaka mwisho, safi. Nimecheza na kile kitufe kama mtoto na swichi ya taa mpaka nusura nigonge mawe kweli.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na hapa naomba utulie kidogo maana ukielewa hili huhitaji fundi. Fishi fainda inapiga mlio halafu inasikiliza. Mlio wenyewe labda kilohezi 200, sikio la binadamu halisikii, unashuka kwa kasi ya kama mita 1500 kwa sekunde, unagonga chini au unagonga samaki, unarudi. Kwenye maji ya mita 6 kwenda na kurudi haifiki hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Na mwangwi unaorudi ni dhaifu mno, mashine inabidi iukuze sana ndo ikuchoree. Yani ni mtu ametega sikio mlangoni asikie mnong'ono. Sasa pembeni ya huo mlango umeweka mota. Mota nyingi za siku hizi hazipunguzi spidi kwa kuubana umeme kama bomba la maji, zinaukata, zinawasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, ukitaka nusu spidi unapewa umeme nusu ya muda. Na mota ya kawaida inaweza kula ampea 50 wakati fishi fainda ndogo inakula kama nusu ampea tu. Huko kukata kata kwa umeme mwingi kunazaa kelele za masafa mengi, na nyingine zinaangukia pale pale fishi fainda inapotega sikio. Ukifungulia mpaka mwisho hakuna cha kukatwa tena, umeme unapita mfululizo, ndo maana mvua inakatika. (Mota za zamani za kubadilisha spidi tano hazina hii tabia ya kukata, kwa hiyo kama yako ni hiyo na ina mvua, tafuta kwingine.)

Ndo ujue pia kutofautisha na mapovu. Watu wengi wanachanganya. Mapovu yanayopita chini ya transdyusa nayo yanachafua skrini, lakini yanazidi kadiri boti inavyokimbia. Dawa yake ni kuhamisha transdyusa au kuishusha kidogo, haina uhusiano na umeme. Funga boti na kamba, isiende popote, washa mota pole pole. Ukiona mvua boti ikiwa imesimama, huo ni umeme.

Kesho yake nikafunga boti na kamba. Nikazima kila kitu, fishi fainda peke yake, safi. Nikawasha taa, safi, pampu, safi, mota, mvua. Halafu nikachukua kibetri kidogo cha volti 12, ampea-saa 7, nikaipa fishi fainda betri yake peke yake, haigusani na kitu kingine chochote. Mvua ikapungua nusu! Nusu nyingine ikabaki. Nikachomoa kebo ya transdyusa nyuma ya skrini, nikaacha skrini inawaka na mota inazunguka. Ikawa safi. Maana yake nusu ya kwanza ilikuwa inapita kwenye betri tunayoshirikiana, na hii iliyobaki inaingia kupitia kebo ya transdyusa.

Nikageuka nikaangalia ile wayaringi yangu nzuri.

Aisee. Waya za ampea 50 zimelala kifuani kwa kebo inayobeba mnong'ono, urefu mzima wa boti, nimezikaza mwenyewe kila shibiri ili zisije zikaachana. Na ule mduara mzuri pembeni ya betri ulikuwa antena, nimeitengeneza kwa mkono wangu. Nilikaa pale chini muda. Nilishamlaumu fundi, nikailaumu transdyusa, na kampuni, na ziwa.

Nikachukua kisu nikakata vifungio vyote. Kebo ya transdyusa nikaipitisha upande wa pili wa boti kabisa, mbali na waya za mota, na pale zinapolazimika kukutana zinakatana kama msalaba, hazilali pamoja. Kebo iliyozidi sikuikata, na wewe usiikate, ndani ina ngao ya waya inayoizuia kelele, ukikata na kuunga vibaya umefungua mlango. Nikaitandaza tu kwa kurudi rudi bila mduara. Waya mbili za mota, chanya na hasi, nikazisokota pamoja, maana zikienda pamoja kelele zao zinauana zenyewe kwa kiasi kikubwa. Waya wa umeme wa fishi fainda moja kwa moja kwenye kibetri chake, na fyuzi karibu na betri, yangu ya ampea 3, wewe angalia kitabu chako. Nikawasha. Namba moja, mbili, tatu, nne. Safi, safi, safi, safi. Nilipiga kelele peke yangu pale mpaka ndege wakaruka.

Kwa hiyo ndugu zangu, betri yake peke yake. Narudia, betri yake peke yake. Kuna mtu atasema kibetri ni mzigo, jamani, kwa nusu ampea kinanipa kama masaa kumi, mzigo gani huo? Na wenye mota za volti 24, zile betri mbili zilizofuatana, acheni tabia ya kuchomeka fishi fainda kwenye betri mojawapo, mnaimaliza moja kuliko nyingine, na ukikosea ukagusa ile ya juu, ambayo hasi yake imeungwa kwenye chanya ya mwenzake, halafu hasi zako zinakutana mahali pengine kwenye boti umetengeneza shoti. Betri yake peke yake!

Vile vipande vya kubana kwenye waya kuzuia kelele, feraiti, nilijaribu pia. Vilinisaidia kidogo, na mpaka niuzungushe waya mara kadhaa ndani yake. Kelele za masafa ya chini kama hizi haviziwezi sana. Si kitu cha kuanzia, lakini ndo kitu cha kwanza watu wanachokimbilia, kwa sababu kinanunulika. Na hapa ndo penye ugonjwa wetu. Tunapenda kununua kuliko kuchomoa. Kuchomoa ni bure, kunachukua nusu saa, na hakuna picha ya kuposti. Mtu yuko tayari abadilishe skrini nzima kabla hajawahi kuangalia kama teminali zake zimeota kutu ya kijani, na teminali yenye kutu nayo ni kelele tosha. Shika hata redio ya AM, weka mahali pasipo na stesheni, isogeze kwenye waya zako wakati mota inazunguka, utaisikia inalia, na mlio unabadilika ukigeuza spidi. Itakuonyesha waya wenyewe unaopiga kelele.

Kama mvua yako inakuja na injini ya petroli badala ya mota, angalia plagi kwanza, kuna zenye rezista ya kupunguza kelele za umeme na zisizo nayo, kwa plagi za kampuni ya NGK ni herufi R ndani ya namba, BR8HS inayo, B8HS haina. Weka ile ambayo kitabu cha injini kinaitaja, usibahatishe.

Wayaringi yangu sasa hivi ni mbaya, waya mmoja kulia mmoja kushoto, mgeni akiingia anadhani nimefunga gizani. Siipigi picha.

Halafu dada yangu, nisamehe. Nimemaliza kuandika yote haya ndo nimerudi kusoma meseji yako mpaka chini, kumbe umeandika kwamba huna hata mota ya umeme, na mvua inakuja siku zile tu boti ya shemeji ikiwa karibu yako na yeye kawasha ya kwake. Basi ya kwako ni nyepesi, mashine zenu zinasikilizana, mlio wake unaingia kwenye sikio lako. Mmoja akae kilohezi 200 mwingine ahamie 83 kama mashine yake inayo, au msogee mbali kidogo mmoja na mwenzake. Betri usiguse, transdyusa usinunue, na huyo fundi mwambie aingie kwenye boti kwanza.