Mume wangu amekubali kuacha pombe, kikundi tunakipata wapi?

SWALI: Shangazi, hujambo. Mume wangu alianza na bia za wikendi, sasa ni kila siku, keg ikikosekana ni chang'aa. Asubuhi mikono inamtetemeka hadi chai inamwagika, akitoa loki, yaani akinywa kidogo kuondoa hangover, ndo anatulia. Juzi kaniambia mwenyewe amechoka, na amesikia kuna watu hukutana wakasaidiana kuacha. Hatujui wanakutania wapi huku Nakuru, rihabu hatuna pesa, na anaogopa kupatana na watu wa kanisani kwetu. Naanzia wapi?
Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Pole sana dadangu, na huyo mzee kusema mwenyewe amechoka si jambo dogo, mshike hapo hapo kabla hajabadilisha nia.

Lakini hiyo mikono ndo inanitisha. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kumletea kifafa, akaanza kuona vitu havipo, na watu hufa hivyo, sanasana siku tatu nne za kwanza. Kwa hivyo asijifungie nyumbani eti anaacha leo leo, nendeni kwanza hospitali, mwambieni daktari ukweli wote, anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho ilikuwa lini, kuna dawa za kumsaidia avuke hizo siku salama. Na mkiwa hapo hapo ulizeni kitengo cha afya ya akili kuhusu vikundi, hao mara nyingi hujua vya karibu.

Kikundi chenyewe ni Alcoholics Anonymous, kilianza Marekani 1935. Taja jina lote, ukisema tu AA utaelekezwa kwa wale wa driving school. Piga 1192, ni laini ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na ni bure, waambie mnakaa wapi. Mikutano mingi hufanyika kwa kumbi za kuazima, huwezi ona bango barabarani, so ukipewa mahali uliza na namba ya mtu wa huko umpigie kabla ya kupanda matatu, saa hubadilika. Muulize pia kama mkutano ni wa wazi ama wa ndani. Wa wazi mnaweza kwenda wote wawili, wa ndani ni wenye shida ya pombe pekee, utamngoja nje.

Hamtalipishwa pesa. Sharti ni moja tu, awe anataka kuacha. Kikapu hupitishwa lakini si lazima atoe kitu. Atataja jina la kwanza, na akiambiwa aongee anaweza sema leo nasikiliza tu, hakuna wa kumsukuma. Akikuta mtu wa kanisani kwenu, ajue huyo naye hataki kutajwa nje. Asipotulia kabisa kuna mikutano ya mtandaoni, aingie bila kuwasha kamera.

Na wewe je? Familia za walevi wana kikundi chao, Al-Anon, ukipiga hiyo 1192 ulizia na hicho, na unaweza kwenda hata kama yeye atakataa.