Kutembea Polepole Kutoka Busia Hadi Namugongo: Siku Ngapi, na Mazoezi Gani?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina miaka 61 na ninaishi karibu na mpaka wa Busia, upande wa Kenya. Mimi na wanajumuiya wenzangu wanne tumeweka nia ya kwenda Namugongo kwa miguu kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, lakini hatuwezi kufuatana na vijana wanaotembea kilomita 30 au 40 kwa siku. Kwa sasa safari yangu ndefu ni kwenda sokoni na kurudi, kama kilomita sita. Ninatumia dawa za presha, na mwenzetu mmoja ana kisukari. Tutahitaji siku ngapi, tujizoeze vipi, na miguu tuitunze namna gani? Na mmoja wetu akilemewa akapanda gari, je, tutakuwa tumeharibu hija?

JIBU: Mama, nakushukuru kwa kuuliza mapema, kwa sababu wengi wa wale ninaowatibu magoti na visigino mwezi Juni walianza kupanga safari yao mwezi Mei.

Tuanze na hesabu ya siku, kwa kuwa mengine yote yanaitegemea. Sikukuu haihami: ni tarehe 3 Juni, siku ambayo Karoli Lwanga, mmoja wa Mashahidi hao, alichomwa moto pale Namugongo mwaka 1886. Kwa hiyo msihesabu siku kuanzia mnapoondoka nyumbani kwenda mbele, bali kuanzia tarehe hiyo kurudi nyuma. Kutoka mpakani hadi Namugongo ni karibu kilomita 195 kwa barabara kuu: takriban 45 hadi Bugiri, 35 kutoka hapo hadi Iganga, 40 hadi Jinja, 35 hadi Lugazi, 25 hadi Mukono, na kama 15 za mwisho. Kwa watu wa umri wenu walioandaliwa vizuri, ningepanga wastani wa kilomita 13 kwa siku. Hizo ni siku 15 za kutembea, nami naziongezea siku tatu kamili za kupumzika, Bugiri, Iganga na Jinja, kisha siku mbili za akiba ambazo hazina kazi yoyote ila kumsubiri mwenye homa, au kukaa ndani mvua inaponyesha mchana kutwa. Jumla ni siku 20. Mkiondoka tarehe 12 Mei, mtafika tarehe 29 bila kugusa akiba, au tarehe 31 mkiwa mmeimaliza yote.

Nasisitiza akiba hiyo kuliko jambo lingine lolote. Niliwahi kuhudumia kundi lililopanga safari yake bila hata siku moja ya ziada. Mvua iliwazuia nusu siku, na ili kufidia wakatembea kilomita 38 siku iliyofuata. Jioni hiyo watu saba hawakuweza kushuka ngazi za darasa walilopewa kulala. Kilichowaumiza kilikuwa ile siku moja ya kukimbizana na kalenda, wala si urefu wa safari nzima.

Sababu yake iko ndani ya mwili. Moyo na mapafu hujizoeza upesi. Baada ya wiki chache za mazoezi utaona huhemi tena mlimani, na utadhani uko tayari. Misuli nayo hufuata bila kuchelewa sana. Lakini kano, hasa ile ya kisigino na utando ulio chini ya unyayo, pamoja na mifupa midogo ya mguu, huimarika polepole mno, kwa miezi badala ya wiki. Mtu anayeanza mazoezi akiwa amechelewa huwa na pumzi ya kumfikisha mbali kuliko miguu yake inavyoweza kuvumilia, na hapo ndipo majeraha huzaliwa.

Kwa hiyo anzeni wiki 16 kabla, yaani katikati ya Januari hadi mwisho wake. Tembeeni mara tatu kwa wiki: safari mbili fupi za dakika 40 hivi, na moja ndefu siku ya Jumamosi. Safari ndefu ianze na zile kilomita sita unazozimudu tayari, iongezwe kilomita moja kila wiki kwa wiki tatu, na wiki ya nne ipunguzwe ili mwili ujenge ulichobomoa. Kwa mwendo huo mtafika kilomita 14 kabla ya mwisho wa Aprili. Katika wiki mbili za mwisho wa mwezi huo tembeeni siku mbili mfululizo, Jumamosi kilomita 12 hadi 14 na Jumapili baada ya Misa kilomita 10, kwa sababu kutembea juu ya miguu iliyochoka jana ni ujuzi wa pekee ambao safari ya siku moja haiwezi kuufundisha. Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, fanyeni nusu tu ya kawaida yenu.

Pamoja na hayo, mara tatu kwa wiki shika ukuta, inuka juu ya vidole vya miguu na ushuke taratibu, mara 10 hadi 15, kisha pumzika na urudie mara mbili. Halafu kaa kwenye kiti na usimame bila kujisukuma kwa mikono, mara 10. Mazoezi haya mawili huimarisha shavu la mguu na paja, ambayo ndiyo yanayolilinda goti.

Mwendo unaofaa mna kipimo chake tayari mikononi. Mkiweza kusali rozari kwa sauti, Salamu Maria nzima bila kukata pumzi katikati, kasi ni sahihi. Mkianza kuimeza nusu ya sala, punguzeni. Mwendo huo huwa karibu kilomita nne kwa saa, na kila baada ya saa moja mketi dakika kumi na kuvua viatu. Anayeongoza mstari awe ni yule mwenye mwendo wa chini kuliko wote. Akiwekwa nyuma, kila mara wenzake watapumzika wakimsubiri na kuondoka anapowafikia, hivyo yeye anayehitaji mapumziko zaidi ndiye atakayeyakosa.

Ondokeni kukishapambazuka, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkipanga kufika kabla ya saa sita mchana. Hivyo mtalikwepa jua kali, na mara nyingi mtaikwepa mvua pia, kwani Mei bado ni sehemu ya masika huko mashariki mwa Uganda na mvua hupenda kushuka alasiri. Giza ni hatari kuliko jua. Barabara hiyo ndiyo inayobeba malori ya mizigo ya Mombasa, kwa hiyo tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwenzake, na vizibao vya kung'aa mwilini hata mchana. Kipande kinachokatisha msitu wa Mabira, kati ya Jinja na Lugazi, kiwe na siku yake: mlale kabla ya msitu, mwingie asubuhi pamoja na wengine, mpumzike na kula pale Najjembe penye soko la kando ya barabara, na makao ya usiku yawe yameshaulizwa upande wa pili.

Kuna jambo moja la barabara ambalo mahujaji hawaambiwi. Lami hujengwa ikiwa imeinuka katikati na kuteremka pembeni ili maji yakimbie. Anayetembea ukingoni kwa siku nyingi, upande uleule, huwa na mguu mmoja chini na mwingine juu muda wote, na baada ya siku nne au tano nyonga au upande wa nje wa goti huanza kulalamika. Popote penye njia ya miguu iliyo tambarare kando ya barabara, ifuateni hata kama ina matope kidogo.

Viatu vinunuliwe Februari, si Mei, na vinunuliwe jioni wakati miguu imevimba kidogo. Raba ya kawaida ya kutembelea inatosha, mradi kidole kirefu kibaki na nafasi ya upana wa dole gumba mbele yake. Iwe imeshatembea nanyi kilomita 80 au 100 kabla ya safari. Wapo wanaotembea vizuri kwa sandali, na sitawakataza waliozizoea tangu utoto, ila ndala za kuogea ni za jioni tu. Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kulishikilia, na ngozi iliyoloa hukwaruzika haraka. Tafuteni zilizochanganywa na nyuzi za sintetiki, kama soksi za michezo, jozi tatu kwa kila mtu.

Lengelenge halizuki ghafla. Hutanguliwa na mahali panapowaka moto kidogo, na mtu mwenye haya hunyamaza ili asiwasimamishe wenzake. Wekeni sharti tangu siku ya kwanza kwamba anayehisi kuungua hutamka, kundi zima husimama, kiatu huvuliwa, mchanga hukung'utwa, na plasta pana hubandikwa bila mikunjo. Dakika tano hizo huokoa siku tatu. Lengelenge likishajaa, ndogo iachwe na ifunikwe. Kubwa inayouma inaweza kutobolewa pembeni kwa sindano safi ya pakiti baada ya kunawa mikono na kusafisha ngozi, lakini ngozi ya juu isiondolewe, maana ndiyo bandeji bora kuliko yoyote ya dukani.

Mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 65 abebe kilo sita na nusu pamoja na maji. Leso (kanga) mbili zitakufaa kuliko blanketi: utajifunika, utaoga ukiwa umejisitiri, na utaketi juu yake.

Sasa dawa zako, Mama. Mwone daktari wako Januari, na tena wiki moja kabla ya kuondoka. Ikiwa kipimo cha presha kiko 180 juu au 110 chini, au zaidi, usianze safari hadi kishuke. Mweleze kwamba utatoka jasho kila siku, kwa sababu baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na zikikutana na jua zinaweza kukuletea kizunguzungu. Yeye ndiye wa kuamua kama kiasi kibadilishwe, si wewe barabarani. Na tafadhali msigawiane vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambavyo huzunguka sana miongoni mwa mahujaji. Hupandisha presha, na kwa mtu aliyepungukiwa maji anayetumia dawa zako huweza kuzidhuru figo. Paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa ni salama zaidi. Maji nayo yafuate kiu, kama nusu lita kwa saa penye joto. Kujilazimisha kunywa lita nyingi tupu huzimua chumvi ya damu, na hilo lina hatari yake. Beba chumvichumvi za kuongeza maji mwilini kwa siku ya kuhara.

Mwenzako mwenye kisukari anahitaji uangalizi kuliko ninyi nyote. Kabla ya kuanza mazoezi aende kliniki apimwe hisia za nyayo. Ikiwa zimekufa ganzi, hatausikia ule moto unaotangulia lengelenge, na jeraha dogo linaweza kumgharimu mguu. Kwa hali hiyo ningemshauri asindikize kwa gari na kutembea vipande vichache tu. Kama hisia zipo, akague nyayo kwa kioo kila mapumziko marefu na kila jioni, asitoboe lengelenge lolote, na abebe sukari au glukosi mfukoni, kwa kuwa insulini na baadhi ya vidonge huishusha sukari mno mtu anapotembea saa nyingi.

Kwa upande wa karatasi, kitambulisho cha taifa cha Kenya kinatosha kuvuka kwenda Uganda, na barua ya paroko itawafungulia milango ya kulala parokiani. Uganda hudai pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo moja hutosha maisha yote na cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada yake, lakini kwa anayechanjwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 au zaidi madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi, kwa hiyo lijadilini hilo na daktari mapema. Chandarua kisikosekane.

Ulipouliza kuhusu gari, jambo la hija ni la padre wako, nami sitalisemea. La mwili naweza kulijibu. Apande gari bila kujadiliana yule anayechechemea hadi mwendo wake umebadilika, yule mwenye maumivu ya mfupa yanayouma hata akiwa amelala, na mwenye jeraha jekundu linalosambaa. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi akiwa ameketi, kuchanganyikiwa kwa joto, au shavu moja la mguu kuvimba na kuuma kuliko jingine, hayo ni ya hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya sikukuu yenyewe mtasimama au kuketi kwa saa nyingi katika umati mkubwa baada ya majuma ya kutembea, na damu hujikusanya miguuni hadi watu huzirai. Beba kigoda chepesi, chezesha vifundo vya miguu kila baada ya dakika chache, na rudini kwa basi tarehe 4 badala ya usiku uleule. Matokeo ya kipimo chako cha Januari na majina ya dawa zako, pamoja na za mwenzako, yaandikeni kwenye karatasi ngumu mkae nayo mfukoni, ili muuguzi wa Bugiri au Lugazi asiyewajua ajue aanzie wapi.