Siku 19 za vibichi: mpishi wa Jambiani azima jiko lake mwenyewe

Nilipomwambia mke wangu kwamba kuanzia Jumamosi nakula vibichi tu, jioni ile ile akaniwekea sahani ya embe mbichi, chumvi na pilipili ya kusaga pembeni. Wala hakuwa akifanya mzaha. Kwetu ukitaja kibichi, mtu anafikiria kitu kichanga cha kukunjisha uso. Ikabidi nieleze: si mbichi ya kutoiva mtini, ni mbichi ya kutopita jikoni. Papai bivu nakula, ndizi mbivu nakula, wali sili. "Na mchuzi?" Mchuzi sili. Akanitazama, akaivuta sahani yake akala mwenyewe.

Mie ni mpishi. Mwaka wa kumi na moja huu niko jikoni kwenye hoteli ndogo huku Jambiani, Unguja, na wageni wa vibichi nimewapikia wengi, kama kule kunaitwa kupika. Wanakuja kwa kundi, hasa wale wa yoga, na sharti lao ni chakula kisipate joto zaidi ya nyuzi 42. Wengine wanakubali mpaka 48. Nawakatia, nawasagia, nawapambia sahani. Halafu mwaka jana mama mmoja wa Kijerumani akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mie mwenyewe nishawahi kula hivi hata wiki moja. Nikacheka. Usiku nikawa nalifikiria lile swali. Mpishi gani anauza kitu asichokijua tumboni mwake?

Jambo lenyewe si geni kama tunavyodhani. Ile muesli, nafaka na matunda tunayoweka mezani kila asubuhi, ilitokana na daktari wa Uswisi, Bircher-Benner, aliyefungua nyumba ya wagonjwa Zürich mwaka 1904 akawa anawalisha matunda na mboga zisizopikwa. Wenzake walimwona ana wazimu. Mke wangu angekuwepo angewaunga mkono.

Nilipanga siku 21. Nikachagua Januari, kaskazi imetulia, embe za Muyuni na boribo zimejaa hadi zinaoza chini ya miti. Hili ni la kwanza ninalokuambia: ukitaka kujaribu, jaribu kwenye msimu. Anayeanza vibichi katikati ya masika, embe hakuna na mboga zimelowa matope, anajitafutia adhabu.

Siku mbili za mwanzo nilijiona hodari. Asubuhi papai na ndimu, mchana sinia la kachumbari, jioni embe tatu. Siku ya tatu kichwa kikaanza kugonga nyuma ya macho, nikawa siongeleki. Kwenye simu nikasoma kwamba hizo ni sumu zinatoka mwilini, nivumilie. Sumu gani? Ini na mafigo yanafanya kazi hiyo usiku na mchana bila kusubiri mie nile karoti. Nilikuwa nimeacha kahawa, basi. Mtu anayekunywa vikombe vitano vya kahawa chungu barazani kwa siku, akikata ghafla, kichwa lazima kimuume. Kama unakunywa chai au kahawa nyingi, punguza taratibu wiki moja kabla. Na baraza usiihame. Mie niliihama kwa siku nne kwa kuogopa harufu ya ile dele, birika la kahawa, nikakosa habari zote za mji.

Kosa langu la pili lilikuwa la hesabu, na mpishi hakutakiwa kulikosea. Gramu 100 za embe zina kalori kama 60. Wali uliopikwa, gramu hizo hizo, una kama 130. Nazi inafika 350. Maana yake ukila matunda na majani tu tumbo linajaa mpaka linauma, na saa mbili baadaye unatafuta tena. Siku ya nne nilisimama mlangoni usiku, mke wangu anakaanga kitunguu cha mchuzi wa changu, nikawa nameza mate kama mtoto. Njaa ya vibichi haiji kwa tumbo tupu, inakuja kwa pua.

Kilichoniokoa ni koroma. Si dafu, maana nyama ya dafu ni utelezi na haikai. Si nazi ya kukuna, maana ukiitafuna peke yake taya zinachoka. Koroma iko katikati. Unaivunja, nyama yake inabanduka kwa kijiko, laini lakini ina mafuta. Naikata vipande vyembamba kama njiti. Kabichi naikata nyembamba zaidi, naitia chumvi, naifikicha kwa mkono mpaka ilegee na kutoa maji, naikamua, kama tunavyoosha vitunguu vya kachumbari. Hatua hiyo usiiruke: kabichi isiyofikichwa ndiyo iliyonifanya nilale uani siku ya pili kwa ajili ya gesi, mke wangu alisema ama mie ama yeye. Halafu karoti, embe moja iliyoanza kugeuka rangi, koroma, ndimu mbili, pilipili mbuzi kipande. Na yale mafuta ya koroma yana faida nyingine, maana rangi ya njano ya karoti na embe, ile mwili unayoigeuza vitamini A, haisharabiwi vizuri bila mafuta.

Choroko nazo. Loweka usiku, mwaga maji, zifunge kwenye kitambaa safi, suuza asubuhi na jioni. Kwa joto letu, siku ya pili zina mikia. Siku ya tatu zikinuka, zitupe, usizionee huruma: unyevu na joto vinavyootesha choroko ndivyo vinavyootesha bakteria.

Sasa nije kwenye aibu. Siku ya tisa niliharisha mara sita kabla ya adhuhuri. Hotelini mboga za kuliwa mbichi tunazisuuza kwa maji ya chupa au yaliyotiwa dawa, mie mwenyewe ndiye ninayewakaripia vijana wakisahau. Nyumbani nilikuwa nachota kisimani, nasuuza mara moja, nakula. Miaka yote maji yale hayajanidhuru kwa sababu kila kitu kilikuwa kinapita motoni! Moto ulikuwa unanisitiri na sikuujua. Kisiwa hiki kinakijua kipindupindu, hasa mvua zikijaza vyoo na visima, na kila kikituzukia tunasikia tangazo lile lile: msile vibichi vya barabarani, msinywe juisi. Basi mchicha, nyanya, tango, kotmiri, vyote vioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti. Kinachomenyeka, kimenye. Na embe ioshe kabla ya kuitia kisu, maana kisu kinachukua cha nje kinakipeleka ndani. Siku ile nilikunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kipimo hicho kikariri hata kama huna haja ya vibichi.

Nilipokuwa nimelala ndipo nikaanza kufikiri vizuri. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili: embe huiva na wali huiva. La kwanza kwa jua, la pili kwa moto. Nikaona nimekuwa nikigombana na moto bila kuuliza nani anauhitaji. Kilichokwisha kuivishwa na jua, papai, nanasi, stafeli, tikiti, ndizi, hakina haja nao. Lakini kuna vitu bila moto ni hatari, na vingi viko jikoni mwetu.

Kisamvu usijaribu, hata kama umekitwanga mpaka kikawa uji. Majani ya muhogo yana kitu kinachotoa sumu ya sianidi, na kutwanga bila kuchemsha hakutoshi. Muhogo wenyewe, ule mtamu, kipande cha kutafuna kwa chumvi na pilipili tumekua nacho; kuufanya chakula cha mchana kila siku ni habari nyingine, na ule mchungu usiuguse. Maharage mekundu yana sumu yake inayotapisha, yanataka kulowekwa na kuchemka kwelikweli nusu saa, si kuvuguvugu. Majimbi mabichi yatakuwasha koo utakumbuka kwenu. Mbatata zilizogeuka kijani weka mbali. Mchicha hauna hatari hiyo lakini una ukakasi, nimeujaribu, ulimi ukawa kama umelamba jamvi. Korosho ndiyo kichekesho: zile zinazoitwa mbichi dukani zimeshapashwa moto ili zibanguliwe, kwa sababu ganda lake lina utomvu unaochoma ngozi. Wageni wangu wa yoga hawajui, na mie sijawaambia.

Samaki wa ndimu je? Wengi wananiuliza. Ndimu inamfanya samaki aonekane ameiva, nyama inageuka nyeupe, lakini minyoo haiogopi ndimu. Mie jodari nilimwacha siku zote zile.

Shemeji yangu alipoona nimepungua kilo nne akataka naye, ana harusi mwezi wa nne. Nikamkatalia. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha habari za watu waliokula vibichi kwa muda mrefu, na kwa wanawake wa chini ya miaka 45 karibu watatu katika kila kumi hedhi ilivurugika au ilikatika, zaidi kwa wale waliozidisha vibichi. Mwili ukiona chakula hakitoshi unafunga duka. Halafu vitamini B12 haimo kwenye mimea, kwa hiyo anayekula majani na matunda tu miezi na miezi ataikosa, tena hatajua mapema. Mjamzito, mama anyonyeshaye, mtoto, mtu anayetumia dawa za kisukari, hawa wasianze kwa kusoma habari za mpishi, waende kwa daktari. Shemeji alinuna wiki nzima.

Na meno. Hili hakuna aliyenitahadharisha. Machungwa ya Pemba, nanasi, ndimu, kila siku, siku kumi na nne mfululizo, meno yakaanza kusisimka hata kwa maji ya kawaida. Ukila vyenye ukali sukutua kwa maji, na mswaki subiri nusu saa, maana asidi ile inalilainisha jino na ukilisugua papo hapo unalikwangua.

Jema lipo pia, nisije nikaonekana nasimanga tu. Kufika siku ya kumi na mbili nilikuwa naamka mwepesi kabla ya adhana. Choo kilikuwa kinakwenda kama saa. Ile hali ya kusinzia baada ya wali wa mchana ilikwisha, na zamu ya jioni jikoni nikawa naimaliza bila kutafuta kiti. Sukari ya dukani nilikuwa siitamani hata chembe. Ulimi nao ulibadilika: karoti niliisikia tamu, tango nikalisikia lina harufu. Kwa mpishi hilo peke yake lilikuwa na thamani ya kichwa kuuma.

Siku ya kumi na tisa nikapanda pikipiki kwenda Makunduchi kumjulia hali bibi yangu. Sikumwambia mapema. Nikamkuta keshateremsha chungu: muhogo wa nazi na pweza, wa bamvua ile ile, amemdunda mwenyewe asubuhi na mikono yake ya miaka themanini na kitu. Akanipakulia. Nikasema nitakula papai, bibi.

"Unaumwa tumbo?"

"La, bibi."

"Mkeo kakukataza?"

"La."

"Basi kwangu unaogopa nini?"

Mtu wa kwetu anajua swali hilo lina nini ndani yake. Anayekataa chungu cha nyumba ama mgonjwa, ama anahofia kulishwa kitu. Nikanawa mikono nikakaa. Pweza yule alikuwa laini kama siagi, tui zito limeshika kwenye muhogo, nikala sahani mbili. Nilitazamia tumbo litalalamika, halikusema neno. Nikimshauri mtu leo namwambia hivi: waambie wazee mapema, au panga siku zako zisiangukie ziara, hitma wala harusi. Mie sikupanga.

Siku mbili zilizobaki sikuzirudia. Ninachofanya sasa ni vibichi mpaka adhuhuri, kisha chakula cha nyumba kama wengine. Kahawa nimerudi vikombe viwili. Maji ya mboga mke wangu anayachemsha usiku, yanalala kwenye ndoo yenye mfuniko, na mtoto akichovya kikombe kichafu anasikia sauti yangu ya hotelini. Embe zimekwisha, ni papai na dafu, na dafu nanunua kwa mzee wa kona ya skuli, yeye bado ananiuzia kwa bei ya mwenyeji. Koroma mke wangu ananiwekea kando bila kuombwa, ila nusu naikuta imeliwa.