Kabla Hujanunua Banjo Nyingine, Shika Spana

Wapigaji wengi wa banjo ninaozungumza nao wanaamini kwamba sauti ya chombo huamuliwa kiwandani: kikitoka kikali, kitabaki kikali hadi siku ya kuuzwa. Kwa gitaa la mbao hilo lina ukweli wake. Kwa banjo, hapana. Banjo ni ngoma iliyotiwa shingo na nyuzi, na kama ngoma nyingine yoyote, inalia vile ilivyowambwa. Karibu kila kiungo chake kimeshikwa na nati au parafujo, kwa hiyo kinalegezeka na kinakazika. Banjo yangu ni moja tu, ya nyuzi 5, yenye resoneta mgongoni (bakuli la mbao linalorudisha sauti mbele), na kuna watu waliosikia rekodi zake mbili wakabisha kabisa kwamba ni chombo kilekile.

Sharti langu ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukikaza ngozi, ukabadili nyuzi na kusogeza daraja (kijiti kinachoinua nyuzi juu ya ngozi) jioni ileile, sauti ikipendeza hutajua nani wa kumshukuru, na ikiharibika hutajua pa kurudi. Rekodi kwa simu kabla na baada, kipande kilekile, umbali uleule kutoka kwenye maikrofoni. Sikio husahau haraka sana, tena hupendelea chochote kilicho kipya.

Anza na ngozi, maana hapo ndipo penye sauti yenyewe. Siku hizi nyingi ni za plastiki, lakini mazoea yametuachia jina. Ziba nyuzi kwa kiganja, kisha gonga ngozi kwa ncha ya kidole katikati ya daraja na ukingo. Utasikia noti. Wapigaji wengi wa bluegrass, muziki wa kasi wa Kimarekani, huikaza hadi noti hiyo ifike karibu na G#. Wenye kupenda mtindo wa zamani wa clawhammer, wa kupiga nyuzi kwa kucha kuelekea chini, hushuka chini ya hapo. Kwa kipimo cha mkazo wa ngoma, kile chenye mshale, ngozi ya bluegrass husoma karibu 90. Ikikazwa sana, sauti inakuwa kavu, yenye kupasua, inatoka na kukatika. Ikilegea, besi inajaa na noti zinaanza kuchanganyikana. Ikilegea kupita kiasi, daraja linazama na nyuzi zinakwaruza freti, yaani vyuma vilivyopita kwenye shingo.

Nati za ndoano zinazoivuta ngozi ukingoni zikaze kidogo kidogo, zisizidi robo ya mzunguko kila moja, ukizunguka duara lote kabla ya kurudia. Baada ya kila mzunguko gonga tena mbele ya kila ndoano. Ukikuta sehemu moja inalia chini kuliko jirani zake, hapo ndipo pa kukaza. Nati ikigoma, usishindane nayo: iache, shughulikia zilizolegea. Ngozi hupasuka, na ndoano hupinda.

Daraja ni kitu kidogo chenye ubishi mkubwa. Kwa kawaida ni mti wa mepo wenye kofia ya mpingo, kimo cha inchi 5/8 au 11/16, na uzito wa gramu 2 na ushee. Jepesi hutoa sauti kubwa na ya haraka, zito hupoza makali na kuiacha noti ivume zaidi. Kwa maoni yangu hakuna kifaa cha banjo kinachorudisha pesa yake vizuri kuliko daraja la pili la kujaribia. Ila usifungue nyuzi zote kwa pamoja, kwa sababu daraja halikugundishwa, limeshikwa na nyuzi tu. Weka alama ndogo ya penseli penye miguu yake, legeza nyuzi kiasi, lichomoe, ingiza jingine. Halafu pima: harmoniki ya freti ya 12 (noti ya kugusa uzi kidogo tu bila kuubana) na noti uliyoibana kwenye freti hiyohiyo zinapaswa kulingana. Iliyobanwa ikiwa juu, sogeza daraja nyuma kuelekea mkia; ikiwa chini, lilete mbele. Mara nyingi upande wa uzi mnene huhitaji kurudi nyuma kidogo kuliko upande wa uzi wa kwanza, kwa hiyo usishtuke daraja likikaa mshazari.

Mkia, yaani chuma kinachoshika nyuzi nyuma ya daraja, hauna maneno mengi. Ukiushusha, nyuzi zinaligandamiza daraja zaidi na sauti inakuwa na ncha. Ukiuinua, sauti inafunguka na kulainika. Mizunguko michache ya parafujo inatosha kusikia tofauti.

Nyuzi nazo zina lao. Seti nyepesi, yenye uzi wa kwanza wa inchi 0.009 au 0.010, inajibu haraka. Seti nzito zaidi inanenepesha sauti, lakini vidole vitalalamika. Ukitaka kwenda mbali kabisa, tia nyuzi za nailoni na kulegeza ngozi kidogo. Unapata sauti ya mviringo, ya kale, karibu na ile ya karne ya 19, wakati banjo zilipofungwa nyuzi za utumbo. Kwa kukuonya tu: kwenye bendi yenye fidla na gitaa hutasikika.

Jaribio la bure kuliko yote ni kitambaa. Kwenye banjo isiyo na resoneta, ingiza soksi au kipande cha sponji kati ya ngozi na fimbo inayopita ndani, chini ya daraja au karibu na shingo. Mwangwi unapungua na ile milio ya chuma inayoudhi inaondoka. Mwenye resoneta itabidi aifungue kwanza, kazi ya dakika chache.

Pete za chuma za sauti, zile zinazokaa chini ya ngozi, na resoneta za bei mbaya mimi huziweka mwisho wa foleni. Sisemi hazifanyi kitu. Ila nimewaona watu wakinunua pete mpya huku ngozi imelegea upande mmoja, na pete ikafungwa juu ya tatizo lilelile. Na ukifunga ngozi mpya, irudie kwa spana baada ya siku chache, kisha tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu itatanuka tu, hata kama siku ya kwanza ulidhani umemaliza.