Faili Limekopiwa, Saizi Iko Sawa, Ndani Sifuri Tupu

SWALI: Mambo fundi, seva yetu kazini inatumia ZFS (mfumo wa kupanga na kuhifadhi mafaili diskini), kuna mafaili ya programu tuliyakopi mwaka 2023, saizi ziko sawa kabisa ila ukifungua katikati ni sifuri tupu. Nimeendesha skrabu, yaani ukaguzi wa ZFS wa data yote, inasema hakuna kosa hata moja. Ina maana diski ndo zinakufa? – Msomaji, Arusha

JIBU: Poa ndugu yangu, na pole sana. Diski usizitupe kwanza, hili linafanana mno na ile bagi (kosa la programu) ya OpenZFS, ZFS ya chanzo huria, iliyozua taharuki Novemba 2023. Waliiona watumiaji wa Gentoo, aina mojawapo ya Linux, walipoinstoli lugha ya programu ya Go kwenye OpenZFS toleo la 2.2.0, watu wakashuku kipengele kipya cha kukopi bloku (vipande vya data) bila kuziandika upya, toleo la 2.2.1 likatoka limekizima kama chaguo la awali, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, kosa lilikuwemo miaka mingi kabla.

ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, inaandika pembeni, na data mpya inakaa sekunde kadhaa kwenye memori kabla ya kushuka diskini. Sasa cp, amri ya kukopi kwenye kifurushi cha Coreutils cha Linux, kuanzia toleo la 9.0 inauliza kwanza faili lina mashimo wapi, yaani sehemu tupu zisizo na data, ili iyaruke. Kujibu hilo ZFS lazima ijue kama kuna data haijashuka, na ilikuwa inaangalia sehemu moja tu: faili lipo kwenye orodha ya yanayosubiri kuandikwa? Kuna kapengo kadogo mno faili limeshatoka kwenye orodha ila data yake bado, ukiuliza hapo hapo unaambiwa ni shimo, cp inaruka, kopi inabaki na sifuri. Faili la mwanzo zima kabisa. Skrabu nayo haioni kitu kwa sababu zile sifuri ziliandikwa kihalali, cheksamu (namba ya kuhakiki data) inakubali, na hapo ndo panaponiuma, data ya watu inaharibika kimya kimya.

Dawa ilikuwa mistari michache tu ya kodi: angalia orodha, angalia na rekodi za data yenyewe. Imo kwenye 2.2.2 na 2.1.14, kwa hiyo apdeti leo leo. Kisha linganisha kila kopi na faili la mwanzo kwa sha256sum (amri inayotoa alama ya kipekee ya kila faili, zikitofautiana kopi imeharibika), na kama la mwanzo mlishafuta tafuteni bakapu ya kabla ya kukopi, maana apdeti hairudishi kilichokwisha kuwa sifuri.