Mkuu wa Uajemi: Danieli 10 inasema nini hasa

Hapana, Biblia haisemi kila nchi ina pepo wake anayeitawala, kama alivyodai mhubiri mmoja wa hapo Moshi. Andiko lenye nguvu kwa upande wake ni Danieli 10:13, "mkuu wa ufalme wa Uajemi" aliyempinga malaika siku 21, na mstari wa 20 unaongeza mkuu wa Uyunani. Wanaosema huyo ni mfalme wa kibinadamu wana kazi: kwa Kiebrania neno la "mkuu" ni *sar*, lile lile analopewa Mikaeli katika mstari huo huo, na wafalme wa Uajemi wanatajwa mwishoni kwa neno jingine. Kwa hiyo ni roho, hapo namuunga mkono. Ila zinatajwa dola mbili tu, basi.

Halafu kuna Kumbukumbu 32:8. Biblia ya Kiswahili ya Union inasoma kwamba mataifa yaliwekewa mipaka kwa hesabu ya "wana wa Israeli", lakini hati ya kale iliyopatikana Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, ina "wana wa Mungu", na Septuajinta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, ina malaika. Ukifuata hizo, mataifa yaligawiwa viumbe wa mbinguni, ila aliyegawa ni Aliye Juu. Danieli 4:17 nayo inasema Aliye Juu ndiye anayetawala ufalme wa wanadamu.

Luka 4:6, inayosema milki za dunia zimekabidhiwa kwa Ibilisi, msiitegemee sana, anayejisifu pale ni Ibilisi mwenyewe.

Na hii desturi ya kupanda vilima kukemea "mkuu wa Kilimanjaro", yaani pepo anayedaiwa kutawala eneo hilo, haitoki Danieli 10. Danieli alifunga majuma matatu bila hata kujua huyo mkuu yupo, aliambiwa baadaye.