DAC mpya: mvumo na "utamu" wa sauti

Ndugu wa Nyakato, umeuliza kwa nini spika zinavuma ukichomeka DAC (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya kupeleka kwenye amplifaya) kwenye laptopu, na kama kweli inaizidi simu kwa utamu wa sauti.

Mvumo kwanza. Chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Mvumo ukikata, ni umeme unaozunguka kwenye nyaya za ethi (za ardhini) kupitia waya wa USB. Chomeka laptopu na amplifaya kwenye ekstensheni moja.

Kuhusu utamu, usiamini masikio bado. DAC nyingi za mezani hutoa volti 2 kwenye RCA (matundu ya sauti, mekundu na meupe), simu mara nyingi chini ya 1, na sauti kubwa kidogo huonekana safi zaidi. Cheza toni ya hetsi 400 (juu ya hapo multimita za bei ndogo hubabaika), pima volti za AC kwenye nyaya za spika, kwa DAC kisha kwa simu, rekebisha volyumu mpaka tofauti kati yake isizidi asilimia 1. Kisha mwenzako abadilishe kati ya DAC na simu wewe huoni. Besi ikibaki ileile, usishangae; hiyo ni kazi ya spika na chumba.